Mdogo wangu, kile cheo cha nidhamu kirudishe

Mdogo wangu mpenzi,

Juzi uliniambia kwa furaha kwamba mkuu wa shule amekukabidhi vyeo viwili kwa mpigo: mlezi wa wasichana na mwalimu wa nidhamu. Nilikupongeza, simu ikakatika kama kawaida ya huko kwenu, na usiku huo sikulala vizuri. Nakuandikia hadharani kwa sababu shule zetu za Kanisa za vijijini zina walimu wachache, na wapo wengi waliotwishwa mzigo kama wako. Hongera zangu ziko palepale. Ila cheo kimoja kirudishe. Baki na ulezi.

Mimi nilishika vyote viwili kwa miaka mitatu, kwenye shule ya bweni huko milimani Njombe. Baridi ya kule mwezi wa saba unaijua. Kuna asubuhi nyasi za uwanjani zinaamka nyeupe kwa barafu. Alfajiri moja, saa kumi haijafika, nilisikia maji yakitiririka bombani nyuma ya bweni. Nikatoka na tochi. Binti wa kidato cha pili alikuwa amechuchumaa peku, anafua shuka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hata kulikamua hawezi. Akaniambia limemwagikiwa uji. Jioni ile tulikuwa tumekula ugali na maharage.

Nilijua anadanganya. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa nidhamu, nikafanya kazi ya mwalimu wa nidhamu: nikaandika jina lake kwenye daftari, "kutoka bwenini kabla ya kengele, kusema uongo." Wiki nzima akamwagilia bustani ya mboga wenzake wakiwa wamepumzika.

Hakuonekana tena bombani alfajiri, nami nikaridhika. Kumbe alikuwa ameanza kuyakimbia maji. Uji wa asubuhi anampa jirani yake, na kuanzia saa sita mchana hagusi kikombe. Akaanguka Jumapili katikati ya Misa, wimbo wa Utukufu ukiendelea, kichwa kikagonga benchi. Tulipomfikisha zahanati, muuguzi alimtoa kila mtu nje, akamwinamia, akamwuliza taratibu kama anakojoa kitandani. Mtoto akalia kwa muda mrefu. Alipopimwa alikutwa na maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa. Bweni zima lilishajua, wenzake walikuwa wameshasogeza vitanda vyao mbali na chake. Mimi niliyeitwa mlezi wake nilikuwa wa mwisho kujua.

Alipopata nafuu nilimwuliza kwa nini hakuniambia usiku ule. Akajibu akiangalia chini: "Mwalimu, daftari si unalo wewe?"

Yaliyomsaidia baada ya hapo yalikuwa madogo sana. Nailoni chini ya shuka. Mimi kumgusa bega saa nne usiku nipitapo na tochi, aende msalani. Ndoo yake, na kamba ya kuanikia nyuma ya stoo ambako hapiti mtu. Ilichukua muhula mmoja. Muhula huohuo nikaenda kwa mkuu wa shule nikarudisha daftari.

Utaniambia kwamba ni mambo ya kizungu haya, kwamba mama zetu walitulea wakichapa na kubembeleza kwa mkono uleule. Mama alikuwa na watoto sita na anajua kila mmoja analiaje. Wewe una wasichana zaidi ya mia, na wengi wao wanakuona mara ya kwanza wakiwa wamepanga mstari. Tena jambo hili Kanisa lenyewe lililiona zamani. Fungua Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 985: gombera wa seminari, au mkuu wa taasisi nyingine ya elimu, asisikilize maungamo ya wanafunzi wake wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe waombe kwa hiari katika jambo fulani. Kanuni ya 984, iliyo juu yake, inamkataza mwenye madaraka kutumia katika uongozi jambo lolote alilolijua kwa njia ya maungamo. Maana yake ni kwamba anayeshika hatima ya mtoto shuleni hapaswi kuwa ndiye sikio la siri zake. Kama tahadhari hiyo imewekwa kwa padre, mwenye sakramenti na kiapo, mimi na wewe ni nani?

Nenda kwa mkuu na hoja hii, kwa adabu. Akisema walimu hawatoshi, mkumbushe kwamba kanuni za viboko za mwaka 2002 zimeiweka fimbo mikononi mwake tayari: anachapa yeye, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe. Idhini hiyo usiipokee. Mwombe amkabidhi mwalimu wa taaluma, au abaki nayo mwenyewe. Mimi fimbo siipendi hata kidogo, lakini vita hiyo si ya wiki yako ya kwanza.

Sasa, ukishakuwa sikio tu, kuna hatari ya pili. Watoto watakuzoea, na siku moja mmoja atasema, "Nikikuambia usimwambie mtu." Usiahidi. Padre wa parokia anapokuja kuungamisha, alichosikia kinakwenda naye kaburini, na usijaribu kumdodosa hata kwa mzaha. Siri yako wewe si ya namna hiyo. Mwambie mtoto kabla hajaanza: "Sitalitangaza, lakini kama kuna mtu anakuumiza nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza nakwenda kwa nani." Wengine watanyamaza siku hiyo. Wengi hurudi. Andika namba 116 kwenye mlango wa bweni kwa ndani. Ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Namba ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ya dawati la jinsia na watoto polisi, ziwe kwenye simu yako leo, usisubiri siku ya kuzihitaji. Na kama anayetajwa ni mtu wa Kanisa, usitetemeke. Tangu mwaka 2019 Papa Fransisko aliweka sheria inayowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa kwa wakubwa wao wanapojua au kuwa na sababu ya kuamini kwamba mhudumu wa Kanisa amemdhulumu mtoto kijinsia. Kunyamaza kwa kulinda jina la shule si utii. Na taarifa ya ndani ya Kanisa haichukui nafasi ya polisi.

Tumia macho ya watoto wenyewe. Wana TYCS, chama cha vijana wanafunzi Wakatoliki, hapo kwako wanafundishwa Ona, Amua, Tenda, na kwenye kuona wametuzidi mbali. Bweni langu lilijua habari ya shuka wiki kadhaa kabla yangu. Kaa nao baada ya mkutano wao, waulize nani siku hizi hali chakula, nani amehamia kitanda cha pembeni. Usiwageuze wapelelezi. Mwaliko ni wa kumjali mwenzao, na wao watautofautisha haraka na uchongezi.

Halafu si wote ni Wakatoliki. Una Walutheri, una Waislamu. Mwezi wa Ramadhani zungumza na mpishi mapema kuhusu daku. Uji uliohifadhiwa kwenye chupa unatosha kumwambia mtoto kwamba hapa ni kwake pia.

Na ada. Hili linaniuma mpaka leo. Jina la mtoto likisomwa paredini kwamba anadaiwa, kisha atembee peke yake na tranka kichwani hadi kituo cha basi, kazi yako ya muhula mzima imeharibika asubuhi moja. Mwombe mhasibu ampigie mzazi. Wengi wa hao wanalelewa na bibi zao, na bibi ukimpigia kwa heshima atakuambia ukweli: mahindi hayajauzwa.

La mwisho, usiku wa leo kabla hujalala, kaangalie mlango wa bweni unafungwa vipi. Kule Nyeri, Kenya, Septemba 2024, moto uliua wavulana 21 katika bweni la Hillside Endarasha. Ukikuta kufuli kwa nje, liondoe leo, ruhusa utaomba kesho.

Nimempa kondakta wa basi la Alhamisi kifurushi chako. Kuna tochi ya kuchaji, mita sita za nailoni nzito, na mashuka manne ya rangi moja na yale ya shule, ili mtoto akibadilishiwa usiku asubuhi isijulikane. Ukikipokea panda pale mlimani penye mtandao unipigie.

Dada yako