Usifyeke ukingo kwanza

Swahiba,

Salamu nyingi, na hongera kwa mizabibu kushika vizuri. Habari za vidukari kwenye mboga na vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga, kwenye mizabibu hazikunishtua, hao huja tu. Kilichonifanya nijibu upesi ni mstari wako wa mwisho, kwamba umeshaongea na vibarua wafyeke vichaka vyote vya ukingoni ili wadudu wakose pa kujificha, halafu upige dawa shamba zima. Tafadhali wazuie. Dawa nayo ibaki stoo mpaka umalize kusoma barua hii.

Wanaojificha humo si waharibifu peke yao. Chukua wakulima wa zabibu wa California. Kule kuna mdudu mdogo mrukaji anayefyonza majani ya mzabibu mpaka yanapauka. Adui yake ni nyigu mdogo mno, huwezi kumtambua kwa macho matupu, wa jenasi Anagrus. Nyigu huyu hutaga yai lake ndani ya yai la mfyonzaji, na buu lake hulila yai hilo kwa ndani. Kazi safi kabisa. Tatizo huja majira ya baridi: mizabibu hupukutisha majani, na mfyonzaji huvuka baridi akiwa mdudu kamili bila kutaga. Nyigu anatafuta mayai ya kulelea watoto wake, na shambani hakuna hata moja.

Miaka ya 1960 watafiti wawili, Doutt na Nakata, waligundua anakokwenda. Alikuwa akihamia kwenye vichaka vya beri za mwituni, hasa kandokando ya mito, ambako mfyonzaji wa jamii nyingine, asiye na shida na mizabibu, ana mayai wakati huo wa baridi. Mashamba yaliyokuwa karibu na vichaka hivyo yalipata nyigu mapema. Ya mbali yaliwapata wakati wafyonzaji wameshajaa. Baadaye ikaonekana kwamba miplamu nayo ina mfyonzaji wake anayefaa, na baadhi ya wakulima wakaanza kuipanda pembeni ya mizabibu, upande unakotokea upepo, ili nyigu wapeperushwe kuingia shambani. Mimi habari hii huwa hainichoshi. Watu wanapanda miti yenye wadudu makusudi!

Lakini sitaki nikuuzie nusu ya habari. Vichaka hivyohivyo vya beri huweza kuhifadhi bakteria wa ugonjwa wa Pierce, unaoua mizabibu, pamoja na wadudu wanaousambaza. Kwa hiyo sisemi kila kichaka kiachwe. Nasema ujue ni kichaka gani na anakaa nani humo, ndipo panga lipite.

Halafu kuna suala la chakula, ambalo wengi hulisahau. Tunadhani adui wa mdudu anaishi kwa kula wadudu tu. Nyigu wengi wa aina hii wakishakomaa hunywa nekta, na wakiikosa hufa mapema kabla ya kumaliza kutaga. Wale nzi wenye mistari ya njano wanaojifanya nyigu na kuelea hewani mbele ya ua ni hivyohivyo: wakubwa wanataka nekta na chavua, mabuu yao ndiyo yanayokula vidukari. Basi uwe na maua, tena madogo yaliyo wazi, kwa sababu midomo yao ni mifupi. Ukiacha mistari michache ya giligilani au shamari ikomae mpaka itoe maua, umewafaa kuliko bustani nzima ya maua ya mapambo yenye petali lukuki. Muhimu ni yapokezane, haya yakiisha mengine yaanze.

Shamba likiwa kubwa, ukingo peke yake hautoshi. Mbawakawa wa ardhini na buibui wengi huingia shambani taratibu, wakitembea, na katikati hawafiki mapema. Uingereza wakulima wa nafaka walianza kuacha tuta la majani marefu katikati ya shamba ili wawindaji hao wapate pa kulala baridi ikija. Kwako, naona ukanda wa nyasi kila baada ya mistari kadhaa ya mizabibu utatosha. Usizikate nyasi zote siku moja. Kata ukanda mmoja, ruka mmoja.

Sasa vidung'ata. Kabla ya kuwahukumu, angalia kama sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina. Vidung'ata hutoa majimaji matamu, sisimizi huyapenda, na kwa ajili hiyo huwalinda kama wafugaji walindavyo ng'ombe: nyigu akija kutaga, anafukuzwa. Ukiwaondoa sisimizi, kwa chambo cha sukari chenye sumu kidogo wanachobeba wenyewe hadi kwenye kiota, nyigu hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Mimi ningeanzia hapo hata kabla ya maua.

Na punguza vumbi la njia za shambani. Utitiri hustawi kwenye majani yenye vumbi.

Kuhusu dawa, nikukumbushe mpunga wa Indonesia. Mdudu wa kahawia anayefyonza mashina alikuwa akizidi hasa palipopuliziwa sana, kwa kuwa buibui na wengine waliokuwa wakimla ndio waliokufa. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku viuatilifu 57 kwenye mpunga. Ukipuliza dawa, mharibifu huzaa haraka na kurudi. Mlaji wake hurudi baadaye, tena akikuta chakula. Ndiyo maana vidukari vichache shambani havinisumbui. Bila hao, mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoa anayewala, hana sababu ya kukaa kwako.

Ukiona kitu cheusi chenye madoa ya rangi ya machungwa, kirefu, kibaya cha sura, kikitambaa kati ya vidukari, usikiponde. Mara nyingi ndiye mdudu kibibi mwenyewe kabla hajakua, na kwa ulafi hana mpinzani. Kununua wakubwa na kuwamwaga shambani sikushauri: kule Marekani huokotwa milimani walikojikusanya kwa baridi, na wakiachiwa wengi wao huruka zao ndani ya siku chache. Tena yupo wa asili ya Asia ambaye huingia ndani ya vichala wakati wa mavuno, na akikamuliwa pamoja na zabibu huharibu ladha ya divai. Hata rafiki ana wakati wake wa kutazamwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Geuza majani kadhaa ya mboga, tazama upande wa chini. Ukikuta vidukari vilivyovimba, vikavu, rangi ya kahawia, havitikisiki, nyigu wameshataga humo. Usipige dawa, rudi kuangalia baada ya wiki. Usipokuta hata kimoja, wala mabuu, wala mayai ya walaji wa vidukari yanayoning'inia kwenye nyuzi nyembamba, niandikie tujadili sabuni ya maji kwa mimea iliyozidiwa tu. Na nitajie vichaka vya ukingoni kwa majina wanayotumia vibarua wako, nami nitakuambia kipi kiondoke.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Swahiba wako