Mofini ya maji iwafikie wagonjwa wa saratani ya titi

Mhariri,

Saratani ya titi ikishasambaa hadi kwenye mifupa, mgonjwa huhitaji dawa ya maumivu kwa saa maalumu, usiku na mchana, na inaniuma kuona mama akikesha ameketi kwa kuwa mgongo haugusiki godoroni. Uganda iliwaruhusu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ambayo mgonjwa huinywa nyumbani. Naiomba Wizara ya Afya ya Tanzania iwape wauguzi wa vituo vya afya vijijini mafunzo na ruhusa kama hiyo. Dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nayo, kwani mofini hufunga choo, na tumbo likivimba huku anatapika, mgonjwa aliyedhoofika hukimbizwa hospitali kwa dharura iliyoweza kuzuilika.

Msomaji,
Morogoro