Kuhusu yale mafuta ya CBD

Mpendwa Salumu,

Pole sana na mgongo. Umeuliza kama mafuta ya CBD, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, yatakutoa kwenye oxycodone, hivyo vidonge vyako vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni. Kwa maumivu, ushahidi wake bado ni mwembamba. Huko Marekani FDA, mamlaka ya dawa, imeidhinisha dawa moja tu ya CBD safi, Epidiolex, mwaka 2018, nayo ni ya aina chache za kifafa kikali. Kujaribu unaweza, ila jaribu kwa vipimo.

Tafadhali usiache vidonge siku chupa inapofika. CBD haifanyi kazi ya oxycodone mwilini, kwa hiyo arosto itakupata vilevile: jasho, kuhara, miayo isiyokoma, mifupa kuuma, usingizi kuruka. Wengi hudhani ni mgongo umezidi, wakarudia dozi ya zamani wakati mwili umeshaisahau, na pumzi ikakata. Mwongozo wa 2022 wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, unasema aliyetumia mwaka au zaidi ashuke kama asilimia 10 kwa mwezi. Kwa anayemeza miligramu 50 kwa siku, hiyo ni kidonge kimoja cha 5. Daktari wako ndiye apange ngazi hizo. Nyumbani weka naloxone ya kupuliza puani, dawa ya kurudisha pumzi dozi ikizidi, na mkeo ajue inavyotumika. Tangu 2023 inauzwa huko bila cheti cha daktari.

Wiki za kuanza CBD, oxycodone isiguswe, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Chupa ya mililita 30 yenye miligramu 1,500 ina miligramu 50 kwa kila mililita. Robo mililita basi ni miligramu 12.5, anza na hiyo usiku, ukiongeza, ongeza baada ya wiki. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: CBD hupenda mafuta. Ukiimeza leo na tumbo tupu na kesho baada ya wali wa nazi, kinachoingia kwenye damu kinaweza kutofautiana mara kadhaa, ingawa umepima robo ileile. Chagua mlo mmoja, usibadilishe. Kwenye daftari andika maumivu kwa alama 0 hadi 10, saa ulizolala, na umeweza kuinama kufunga viatu au la. Wiki nne zikipita bila nafuu, acha, usiendelee kutupa hela.

Mweleze daktari kabla ya kuanza. CBD hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, oxycodone ikiwemo, na usingizi wa zote mbili hujumlishana. Usipande foklifti mpaka ujue inakuchukuaje. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu mara nyingi zaidi. Ini nalo lipimwe.

Sasa chupa yenyewe. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipima bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni: 26 tu ndizo zilikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikuwa na THC, kile kinacholevya kwenye bangi. Dai cheti cha maabara huru, namba ya toleo iwe ileile iliyo chini ya chupa. Kazini kwako wanapima mkojo, kwa hiyo iliyoandikwa "full spectrum" iache, ina THC. Tafuta "isolate", yaani CBD pekee, ingawa hata hiyo haina dhamana kamili. Mafuta ya mbegu za bangi ni ya jikoni, CBD yake ni kama hakuna.

Ukija Desemba kupitia Dubai, usibebe hata tone. Kule hiyo ni dawa ya kulevya.

Nitumie picha ya lebo pande zote, na orodha ya kila dawa unayomeza, hata ya mafua.

Wako,
Hamisi