Saïo si jina la mzungu

Bwana Mhariri,

Katika toleo lililopita msomaji wako mmoja ameomba Camp Saïo, kambi ya jeshi ya hapa Bukavu, ibadilishwe jina. Anasema haifai kuendelea kumheshimu afisa wa Kibelgiji aliyetutesa. Nilicheka, halafu nikaona haya. Nimefundisha historia Kadutu miaka mingi, na kosa hilo nimelisikia darasani mara nyingi. Kijana mmoja aliwahi kuniapia kwamba Saïo alikuwa jenerali wa Mobutu. Kama wote hao wamekosea, mwalimu naye ana deni lake.

Saïo ni mji. Uko Ethiopia, kwenye milima ya magharibi, na siku hizi unaitwa Dembidolo. Mwaka 1941 Waitaliano walikuwa bado wameshika sehemu hiyo. Askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, watoto wa Kongo, walitoka huku, wakapita Sudan, wakaingia Ethiopia. Mwezi Machi waliteka Asosa, kisha Gambela bondeni. Kutoka Gambela hadi Saïo ni kupanda tu, na mvua zilipoanza njia zikawa matope na vyakula vikachelewa kufika. Hata hivyo walipanda. Mwanzoni mwa Julai Jenerali Gazzera, aliyebaki mkubwa wa Waitaliano baada ya mkuu wao kusalimu amri mwezi Mei, aliweka silaha chini mbele ya Jenerali Gilliaert, Mbelgiji aliyewaongoza askari wetu. Ndugu zetu wa Kinshasa wanayo majina hayo yote matatu: Asosa na Saïo ni barabara, Gambela ni soko. Mama anayenunua pondu pale Gambela anataja uwanja wa vita bila kujua.

Msomaji wako ana haki upande mmoja, nami sitamnyima. Waliotoa jina hilo ni Wabelgiji, na walilitoa kwa kujisifu. Kwao nyumbani Mjerumani alikuwa amekalia nchi tangu Mei 1940, kwa hiyo ushindi wa mbali ulikuwa dawa ya aibu. Bendera iliyotangulia mbele ya askari ilikuwa ile ya buluu yenye nyota moja ya manjano, bendera ya tangu enzi za Mfalme Léopold wa Ubelgiji, ileile iliyopandishwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1891 mfalme wa huko, Msiri, alipouawa. (Nyota hiyo haijaondoka. Itazame bendera yetu ya leo, kwenye pembe ya juu.) Na waliomshinda jenerali wa Ulaya walirudi katika nchi ambako Mkongomani hakuweza kuwa afisa hadi jeshi lilipoasi Julai 1960.

Lakini ukifuta jina, unamfuta nani? Gilliaert hatapoteza kitu, ameandikwa vitabuni. Atakayepotea ni askari. Tuliyaona hayo kwa vita vya kwanza. Wajerumani waliteka Idjwi, hapa ziwani petu, Septemba 1914. Miaka miwili baadaye jeshi la Kongo liliingia Tabora, na mkuu wake Mbelgiji, Jenerali Tombeur, akapewa ubaroni wenye jina la mji huo. Wapagazi waliobeba risasi na magunia walikuwa zaidi ya laki mbili. Babu yake mama yangu alikuwa mmojawapo. Alirudi na kidonda cha bega ambacho hakikupona vizuri, bila karatasi, bila medali, na kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa jina lake, wajukuu wengine wanasema alikwenda kufanya biashara.

Ombi langu, basi, ni dogo kuliko la kubadili jina. Tuandike kibao. Kisiwekwe ndani ya kambi, huko raia hatuingii wala hatupigi picha, bali nje, kando ya barabara, watoto wa shule wanapopita asubuhi. Kiseme Saïo ni wapi, mwaka gani, na nani walipanda ule mlima. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, Kifaransa kitafuata chini. Kama mji hauna pesa ya kibao, mafundi wa soko la Kadutu watanikatia ubao, na rangi nitanunua mwenyewe. Ninachohitaji ni ruhusa ya kuchimba mashimo mawili.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kadutu, Bukavu