Wekeni Simu Chini, Mtoto Analia: Barua ya Wazi kwa Wazazi Vijana

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa nimeudhika, kwa hiyo salamu zangu leo ni fupi. Juzi kwenye shughuli ya kifamilia nilimtazama mtoto wa miaka miwili hivi akihangaika kuvaa kiatu. Alikuwa amekaa sakafuni, ncha ya ulimi nje, anasukumiza kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Kisigino kinagoma kuingia. Anakivua, anakigeuza, anaanza upya. Hakuwa akimsumbua mtu. Baba yake alikuwa na haraka. Akainama, akampokonya kiatu, akamvisha, akasimama. Mtoto akakivua, akakirusha, akajitupa chali na kuanza kupigapiga sakafu kwa visigino, akilia mpaka anakosa pumzi.

Hapo simu zikatoka mifukoni. Shangazi anarekodi, mjomba anaangua kicheko, mama mtu anamwambia, "Hebu lia tena, wakuone!" Mtoto akafumbua macho, akajikuta amezungukwa na watu wazima wanaomcheka. Kilio kikakatika ghafla. Akajifunika uso kwa mkono, akageukia ukutani. Nilipomwinua, mwili wote ulikuwa unamtetemeka. Usiku huohuo ile video ikanifikia, nimetumiwa na mtu ambaye hata hakuwepo, imejazwa vikaragosi vya kucheka.

Mnachekea nini, wanangu?

Mtoto yule hakuwa mtukutu. Alikuwa kazini, na kazi yake ilikuwa ngumu kuliko nyingi mnazofanya ninyi siku nzima. Akapokonywa katikati ya kazi, bila kuambiwa neno, na mtu anayempenda kuliko wote. Mtu mzima akifanyiwa hivyo ofisini anakasirika wiki nzima. Yeye alilia dakika chache, nanyi mkaona sinema.

Sikilizeni jinsi mtoto wa umri huu alivyo. Anataka mambo mengi na maneno anayo machache. Wengi wanapofikisha miaka miwili wana maneno 50 au zaidi, na ndio kwanza wanaanza kuunganisha mawili mawili: "taka maji", "baba njoo". Kwa maneno hayo atakwambiaje kwamba alikuwa amekaribia kabisa kukivaa kiatu mwenyewe, na kwamba ungengoja kidogo tu? Hawezi. Kwa hiyo mwili wote unasema. Tena ile sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayotuwezesha kujizuia, kungoja na kufikiri kabla ya kutenda, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko karibu zote. Inaendelea kukua hadi mtu apite miaka 20. Mnamdai mtoto wa miaka miwili kitu ambacho hajapewa bado.

Na kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Mwaka 1972 mtafiti wa saikolojia, Beulah Amsterdam, alichapisha jaribio jepesi sana. Watoto walipakwa doa la rangi puani bila wao kujua, kisha wakawekwa mbele ya kioo. Wale wadogo walimchangamkia yule wa kwenye kioo kama mtoto mwingine wa kucheza naye. Lakini walipofika miezi 20 hadi 24, wengi walionyesha kwamba wanajitambua: mkono ulikwenda kwenye pua yao wenyewe. Maana yake ni kwamba katika umri huuhuu wa viatu na vilio, ndipo mtoto anapoanza kujua kuwa yeye ni mtu anayeonekana na wengine. Haya inaanzia hapo. Ule mkono aliofunikia uso haukuwa mchezo. Ndiyo kwanza amegundua kwamba anatazamwa, na alichokiona kwenye nyuso za ndugu zake ni kicheko.

Najua mtaniambia ni upendo, mnataka kumbukumbu. Rekodini basi anapocheza ngoma, anapompulizia paka busu, anapoimba wimbo wenye mstari mmoja. Hizo ni kumbukumbu. Lakini kilio chake, kuoga kwake, kujikojolea kwake, kuogopa kwake, hayo ni ya nyumbani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mtoto ana haki ya faragha na ya kulindwa heshima yake. Haukusema haki hiyo inaanza akijua kusoma. Ufaransa, Februari 2024, ilipitisha sheria inayowakumbusha wazazi wote wawili kwamba wana wajibu wa kulinda picha na faragha ya mtoto wao. Nyumbani kwako hakuhitaji sheria. Chukua simu, tafuta video za aina hiyo, zifute. Kama ulishazituma kwenye kundi la familia, andika uwaombe nao wafute, na usione aibu kuandika hivyo. Kesho akiwa na miaka 14, mwenye kukaa darasani na wenzake, hatakuuliza kama ilichekesha.

Sasa, afanywe nini anapojitupa chini? Kwanza hakikisha hataumia: sogeza kiti, ondoa kikombe. Piga magoti, kichwa chako kikaribie chake. Mtajie kinachomuuma kwa sauti ya chini: "Ulitaka kuvaa mwenyewe. Umekasirika." Halafu nyamaza. Wengine wanataka kukumbatiwa palepale, wengine wanataka ukae karibu bila kuwagusa; wako unamjua wewe. Usimhutubie, maana kilio kikiwa kimepamba moto hasikii. Usimpe kile ulichokwisha kumkatalia kwa sababu tu amelia. Kama ulimkatalia mkasi, hapewi mkasi. Lakini kama wewe ndiye uliyekosea, kama baba yule wa kiatu, rudisha kiatu mguuni pake na umwambie, "Haya, vaa." Mtoto haharibiki kwa kuombwa radhi.

Na tokeni nyumbani mapema. Vilio vingi ninavyoviona si vya mtoto, ni vya saa. Mzazi amechelewa, mtoto anapokonywa kiatu, kijiko, mswaki, ngazi aliyotaka kuipanda mwenyewe. Anzeni kujiandaa dakika 15 kabla, muone kama nusu ya vilio haitatoweka.

Wapo watakaoniletea methali: samaki mkunje angali mbichi. Naijua, nimekua nayo. Nimeisikia ikitajwa na watu wenye fimbo mkononi, mbele ya mtoto ambaye bado anavaa nepi. Kukunja si kuvunja. Kumkunja mtoto wa miaka miwili ni kumwonyesha jambo lilelile kila siku kwa uso uleule: moto hatugusi, mwenzio hatumng'ati, ukimwaga tunafuta pamoja. Utarudia mpaka uchoke, halafu utarudia tena. Anayempiga mtoto kwa sababu mtoto kampiga mwenzake, anamfundisha nini hasa?

Nikiwa hapohapo kwenye simu, kuna ile nyingine, simu anayopewa mtoto ili anyamaze. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili, kukaa mbele ya skrini hakupendekezwi; kuanzia miaka miwili, isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, na awe katika mwendo na michezo angalau dakika 180. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyelala hivyo na kucheza hivyo anabakiza saa ngapi za kukodolea katuni? Sisemi mama aliyeshindwa kabisa, mwenye homa na sufuria jikoni, ametenda dhambi akimwashia kitu dakika 20. Nasema juu ya simu inayotolewa kila mtoto anapofungua mdomo, mezani, garini, kitandani. Mtoto anayezimwa hivyo kila siku anakosa nafasi ya kujifunza kutulia, maana kazi hiyo inafanywa na kioo cha simu.

Mengine nayataja haraka, kwa kuwa mnayajua, ila mnasahau. Ndoo yenye maji isiachwe wazi. Mtoto huzama kwenye kina cha sentimita chache, na huzama kimya. Mafuta ya taa na sabuni za maji zisiwekwe kwenye chupa ya soda, na akinywa msimtapishe, mkimbizeni hospitali. Betri ndogo bapa za saa na rimoti ni hatari kubwa: ikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2, kwa hiyo msingoje mwone. Karanga nzima na peremende ngumu zisubiri. Akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, na ameshapita mwaka 1, mwinamishe, mpige mapigo 5 kati ya mabega kwa kiganja, kisha kama hakijatoka mminye tumbo mara 5 juu ya kitovu, rudia, huku mtu akiita msaada. Akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno na mafuta viacheni kabatini.

Chakula: baada ya mwaka wa kwanza ukuaji unapungua kasi, na hamu ya kula nayo inapungua. Kama anacheza na uzito wake unapanda kliniki, acheni kumshika pua. Choo: wengi huwa tayari kati ya miaka 2 na 3, usiku huchelewa zaidi. Asiadhibiwe kwa kukojoa.

Lakini nisiwaache na vitisho tu, kwa sababu umri huu una raha ambayo hairudi. Hebu mtazameni anavyoanguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, Karen Adolph na wenzake, waliwafuatilia watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kama kawaida yao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yalionyesha wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Saa moja! Anasimama dede, anayumba, anakaa kwa makalio, anacheka, anainuka. Hakuna anayemlipa. Ukimwona ameanguka usirukie kupiga mayowe. Mpe muda kidogo ajipime mwenyewe. Mara nyingi anatazama uso wako kwanza ndipo aamue kama pana haja ya kulia.

Tembeeni naye bila pa kwenda. Mwendo wa dakika 5 utachukua nusu saa. Atachuchumaa kwa sisimizi aliyebeba kitu kikubwa kuliko yeye, atamfuata mpaka shimoni, ataingiza kidole, atakutazama akutake nawe uchuchumae. Chuchumaa. Hadithi ileile atakayotaka usome mara sita mfululizo, isome. Kila mara anakamata neno jipya, na siku utakaporuka ukurasa ili umalize upesi atakushika mkono akurudishe. Akisema "yangu" na "hapana" mchana kutwa, jueni ndio anajipambanua, anajua sasa kwamba yeye ni yeye. Na usiku, mwenye kukung'ang'ania shingoni baada ya siku nzima ya kukukatalia kila kitu, usimwambie "sasa unanitakia nini". Mbebe.

Akina baba, nina neno lenu peke yenu. Nimechoka kusikia baba anasifiwa kwa "kumsaidia mama" kulea. Hamsaidii mtu, mnalea wa kwenu. Mjue mtoto wako ana meno mangapi, analala akiwa ameshika nini, anaogopa nini. Kama hujui, kosa la kiatu utalirudia kesho na keshokutwa, kwa kuwa hukuwahi kukaa sakafuni ukaona anavyojaribu.

Na sisi wengine, wazee, majirani, mabosi, tunaowahukumu vijana hawa: tumemwachia mama mmoja kazi iliyokuwa ikifanywa na bibi, shangazi na dada wakubwa, kisha tunashangaa amechoka na kumkabidhi mtoto simu. Bosi anayemkata mfanyakazi mshahara kwa sababu mtoto aliamka na homa, ana sehemu yake katika kilio kile. Jirani anayebisha hodi kulalamikia kelele angebisha hodi akamshike mtoto dakika 30 ili mama aoge. Na wewe uliyesimama kwenye foleni, mtoto wa mbele yako amejitupa chini na mama yake jasho linamtoka: acha kuguna. Muulize kama umshikie mzigo. Waambie walio mbele wampishe apite.

Mimi, bibi yenu