Ringi za kaboni kwenye baiskeli ya zamani: ninunue au niache?

Ndugu mshauri,

Naomba unisaidie kuamua jambo ambalo nyumbani kwangu limeshajadiliwa mpaka watu wamelichoka. Nina baiskeli ya mbio yenye fremu ya alumini, uma wa kaboni, gia za Shimano 105 za kaseti ya vipande 11, na breki za zamani, zile za kubana ringi. Ni nzima, haijawahi kunisumbua. Sasa rafiki yangu ninayeendesha naye amenunua baiskeli ya breki za diski, zinazobana kisahani katikati ya gurudumu badala ya ringi, na ringi zake za kaboni zenye kina (yaani urefu wa ukuta) cha milimita 50 hazimfai tena. Anataka kuniuzia. Anasema ni bei ya kirafiki, na kweli ni ya kirafiki, ila hiyo hiyo inazidi fedha ambazo ningepata nikiiuza baiskeli yangu nzima leo.

Aliniazima nizijaribu. Kwanza, zinavuma. Ukisimama kwenye pedali na kukanyaga kwa nguvu, zinatoa sauti nzito inayokufanya ujione bingwa hata kama nyuma yako hakuna mtu. Pili, upepo wa ubavuni si wa mchezo: nilipotoka kwenye kivuli cha ukuta mrefu na kuingia palipo wazi, gurudumu la mbele lilipigwa na usukani ukanivuta pembeni kabla sijajua kinachoendelea. Hilo nilidhani nitalizoea. Kompyuta ya usukani ilionyesha mwendo mzuri kuliko kawaida yangu, lakini sehemu kubwa ya njia upepo ulikuwa mgongoni, kwa hiyo sikuuamini ushahidi huo.

Ndipo nikakaa na kalamu. Mimi na baiskeli, chupa za maji na vifaa vyote, tuna kilo 85 hivi. Ringi hizi zingenipunguzia gramu 400. Kwenye mlima wa nusu saa, uzito huo ni kama sekunde nane. Maji ya chupa moja kubwa ni gramu 750, maana yake nikiyanywa kabla ya kufika mlimani nimeshapunguza karibu mara mbili ya kile ninachotaka kulipia. Hata waendeshaji wa kulipwa wenyewe wamewekewa mpaka: tangu mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Yangu ina kilo tisa, na mimi nina kitambi kidogo ambacho mke wangu hukitaja kila ninapotamka neno “kaboni”.

Rafiki anasema naangalia mahali pasipo. Ringi za kina hazinunuliwi kwa uzito, zinanunuliwa kwa sababu zinaupasua upepo kirahisi. Sawa, nikapiga hesabu ya upepo pia. Nguvu inayohitajika kuupasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo (mwendo mara mwendo mara mwendo), kwa hiyo ukitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 33 unahitaji theluthi moja zaidi ya nguvu ya kupambana na upepo. Lakini kanuni hiyo hiyo inanigeukia. Tuseme tangazo linadai ringi fulani zinaokoa wati 20, kipimo kikiwa kilomita 45 kwa saa. Mimi peke yangu kwenye tambarare naenda 28. Kwa mwendo huo zile wati 20 zinabaki tano. Na nikiwa katikati ya kundi, nimejificha nyuma ya migongo ya wengine, hata hizo tano zinapungua.

Tena sehemu kubwa ya upepo, kama robo tatu, huupiga mwili wa mwendeshaji. Hapa ndipo tunapobishana zaidi, kwa sababu rafiki yangu anapenda kutaja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi ambao mtu ameendesha peke yake ndani ya saa moja, kama ushahidi kwamba vifaa ndivyo kila kitu. Mwaka 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji aliendesha kilomita 49.431 kule Mexico City. Mwaka 1996, Mwingereza Chris Boardman akafika 56.375. “Unaona?” ananiambia. Naona, lakini hamalizii hadithi. Boardman wa 1996 alikuwa amenyoosha mikono mbele kabisa, kifua kimeshuka, mwili mwembamba kwa upepo. Mwaka 2000 alirudi na baiskeli ya mtindo wa Merckx, na mkao wa kawaida kama wa Merckx, akapata 49.441. Mita 10 tu juu ya Merckx! Vifaa vilibadilika, ndiyo, ila kwangu somo kubwa ni mkao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi kuinama chini kwenye usukani kwa dakika 20 mfululizo siwezi, kiuno kinagoma, na sijawahi kumlipa mtu anayejua kazi hiyo anipime na kunirekebishia urefu wa siti na umbali wa usukani.

Kuna na tairi. Ninazotumia ni ngumu, za kuzuia misumari, nene ubavuni. Jozi ya tairi nyepesi za mbio inaweza kuokoa wati kumi au zaidi, na akiba hiyo huipati kwenye mwendo wa mabingwa peke yake. Sehemu yake unaipata hata ukitambaa mlimani. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya ringi. Ila pancha. Nikiwa mbali na nyumbani, pancha moja inakula dakika nyingi kuliko zote nilizookoa, kwa hiyo hapo pia sijaamua.

Gia za umeme nimezifuta kwenye orodha. Zinabadilika kwa ulaini wa ajabu, lakini hazimwongezei mtu mwendo, na mimi tayari nina vitu vya kutosha vya kuchaji. Beringi za kauri hata sizungumzii.

Kinachonizuia kusema “hapana” moja kwa moja ni mambo mawili. La kwanza: miezi mitano kuanzia sasa kuna safari ya pamoja ya kilomita 120, yenye mlima mmoja mrefu, na kila mara kundi huniacha karibu na kilele, kwa mita chache tu. Ni mita hizo chache zinazouma. Nikikosa mgongo wa mwisho, kilomita zote zinazofuata napigana na upepo peke yangu, na hapo sekunde nane zinageuka kuwa nusu saa. La pili ni breki. Tangu UCI iruhusu rasmi diski kwenye mbio za barabarani mwaka 2018, baiskeli mpya za hadhi karibu zote zina diski. Ringi hizi za rafiki haziwezi kuhamia kwenye baiskeli hiyo nikija kuinunua. Nikizinunua leo, nazifunga ndoa na fremu hii.

Halafu ni za mitumba. Najua ringi za kaboni za breki za kubana zinataka pedi zake maalumu, kwamba kwenye mvua hazishiki kama za alumini, na kwamba mteremko mrefu ukibana breki muda wote joto linaweza kuziharibu. Rafiki yangu ni mtu wa kubana breki, nimemfuata kwenye miteremko, nanusa pedi zake. Nimepitisha ukucha kwenye ukuta wa ringi ya nyuma, nikahisi kama kuna kibonde kidogo upande mmoja. Yeye anasema ni kawaida.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: “Ukifika mapema, unafanya nini?” Sikuwa na jibu, na sidhani alikuwa anatafuta jibu. Lakini naye anakubali kwamba fedha ni zangu, nimezitunza kwa ajili ya baiskeli, na mtu haendeshi kwa hesabu peke yake. Ile sauti bado naisikia.

Kwa hiyo naomba uniambie waziwazi. Kibonde kile kwenye ukuta wa ringi ni dalili ya kuisha au ni kawaida kweli? Na kama zingekuwa mpya kabisa, bado ungenishauri niziache, nipimwe mkao, nibadilishe tairi na kuweka kinachobaki kwa ajili ya baiskeli ya diski? Au kuna hesabu niliyoiruka? Rafiki ana mnunuzi mwingine, na amenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Wako,
Wa Mwisho Kwenye Kundi