Yaya, sikukunyima yale maji

Yaya,

Mkubwa wangu, ujumbe wangu wa sauti huufungui. Tangu matanga ya Baba Mdogo vile vialama viwili havijageuka bluu hata mara moja, na ukiona namba yangu unaikata. Basi naandika hapa, ambapo watoto wa Shangazi watasoma na kukupelekea simu mpaka kitandani. Nisamehe kwa kuyatoa ya chumbani kuyaleta barazani. Lakini aliyeanza ni wewe. Pale kilioni, mbele ya wazee na wakwe, ulisema: "Huyu mdogo wangu anaijua dawa ya mguu wangu. Alinipa mara moja, kisha akaninyima." Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe vya chai na sikuwa na pa kulitua.

Siku ile sikujibu. Leo najibu kuhusu dawa hiyo, yale maji baridi niliyokutia sikioni, na nitaanza na deni langu mwenyewe.

Unaukumbuka ule usiku, kama wiki tatu baada ya lori la pale Mugunga kukuchukulia mguu wa kushoto. Saa nane za usiku uliniita: "Nivue hili buti, linanibana, vidole vimekunjana, kucha zinanichoma unyayo." Na mimi, muuguzi, nilikujibu toka kitandani: "Yaya, buti lilikatwa kwa mkasi hospitalini. Mguu wenyewe haupo. Lala." Nilikuwa nimetoka zamu. Ulinyamaza, na asubuhi nikakuta shuka umelitafuna pembeni mpaka limetoboka. Shuka lile ninalo bado.

Shuleni tulifundishwa jambo hili kwa mistari michache, kana kwamba ni mawazo ya mgonjwa tu. Nimesoma baadaye, kwa aibu. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliandika kuhusu watu waliolalamika maumivu ya mguu uliokwisha kukatwa miezi iliyopita. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia alikuwa amewasikia askari wengi mno wakisema hivyohivyo, akaupa mguu huo jina: mguu wa mzuka. Wewe uliposema "linanibana" ulikuwa unasema kitu ambacho majeruhi wamekisema kwa miaka mia kadhaa, na aliyekuwa hajui ni mimi.

Mama alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi, ingawa njia yake ilikuwa nyingine. Alitaka tukaufukue mguu tuunyooshe vidole, kwa sababu ulizikwa umekunjwa. Ulimkemea. Mimi nilicheka. Lakini Mama aliamini kwamba unaumia, Yaya. Kati yetu wote ni yeye peke yake aliyeamini tangu siku ya kwanza.

Nikueleze kama ninavyolielewa. Ndani ya ubongo kila kiungo kina kiwanja chake. Mguu ukikatwa, kiwanja hakikatwi. Kinabaki kikingoja habari kutoka unyayoni, na habari haziji, huku mishipa ya fahamu iliyokatwa kwenye kigutu ikituma kelele zake. Si unajua Mama anavyoelekeza watu hapa Goma? "Pita kwa yule mshonaji, ukifika kwenye duka la mafuta kata kushoto." Mshonaji na duka vyote vilifunikwa na lava ya volkano Januari 2002, na juu yake kuna nyumba nyingine na watu wengine. Kwake bado vipo, na anafika anakokwenda. Ubongo wako unatembea hivyo. Na barabara ya mguu wako wa kushoto ilifungwa buti likiwa bado mguuni.

Sasa yale maji.

Sikuyaota. Pale Vienna kulikuwa na daktari wa masikio, Robert Bárány, aliyekuwa akiwaosha wagonjwa wake masikio. Aliona kwamba maji yakiwa baridi kichwa kinawazunguka na macho yanaruka upande mmoja, na yakiwa ya moto yanaruka upande wa pili. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vitatu vyenye maji, na hivyo ndivyo vinavyotuambia kichwa kimeinama au kimegeuka. Ukipoza upande mmoja, maji ya ndani huwa mazito, yanashuka, na ubongo unadhani kichwa kinazunguka wakati mtu amelala kimya. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi. Nilipokusimulia hapo ulisema, "Hata mfungwa wa vita?" Ukatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lori.

Baadaye madaktari waliona jambo jingine. Mtu aliyepigwa kiharusi akawa hautambui tena upande wake wa kushoto, ukimtia maji baridi sikio la kushoto, kwa muda mfupi anautambua. Maana yake habari za sikio la ndani zinafika mpaka pale ubongo unapouchora mwili. Na mwaka 2001 madaktari wa Nancy, Ufaransa, waliwajaribu kwa maji hayohayo watu waliokatwa viungo. Wengine waliokuwa na mguu wa mzuka uliopinda na wenye maumivu, walihisi mguu umenyooka, mzima, hauumi. Kwa muda tu, Yaya. Neno hilo lilikuwa kwenye ukurasa uleule niliokusomea, nawe ulilisikia.

Ulinibembeleza siku tisa. Siku ya kumi nikakubali.

Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwekea mito miwili ili kichwa kiinuke kidogo, kwa sababu kijifereji kinachotakiwa lazima kisimame wima. Maji nilikuwa nimeyaomba kwenye friji ya jirani, ndani ya bido, kidumu kidogo cha njano. Nilitumia bomba la sindano kubwa, bila sindano yenyewe. Nililimulika sikio lako kwa tochi ya simu, nikaona giza na nta, nikajiambia liko sawa. Mama alikuwa jikoni anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, nasi tulikuwa tumemdanganya kwamba nakuosha masikio.

Bomba la kwanza ulisaga meno. La pili ulishika godoro. Halafu macho yako yakaanza kuruka kuelekea kulia, vup, vup, kama mtu anayehesabu nguzo akiwa ndani ya gari, ukasema nyumba inazunguka. Nikataka kuacha. Ndipo ukasema polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako hata tulipokuwa watoto: "Vinafunguka."

"Nini?"

"Vidole. Kimoja kimoja. Kile kidogo bado... sasa nacho. Buti limetoka."

Ukalia. Nami nikalia, nimeshika beseni. Mkono wako ulikuwa hewani, juu ya godoro, pale ambapo goti lingekuwa, ukipapasa kitu nisichokiona, na kwa mara ya kwanza sikuwa na shaka kwamba kipo. Kisha ukatapika, ukalala chali, ukaniomba nisikuguse ili usikipoteze. Mama hakuwa amemaliza kukaanga sambaza zake ulipopiga kelele. Buti lilikuwa limerudi.

"Tena," ulisema. "Tia tena."

Hapo ndipo unaponihukumu mbele ya ukoo. Nikakuambia tungoje kesho. Kesho yake ukaomba, nikasema hapana. Kesho kutwa hapana. Ukajikokota usiku mpaka kwenye kikapu changu, nikakukuta sakafuni bomba likiwa mkononi, na maji ya bido ya kunawia, maji ya kunawia, Yaya! Nilikunyang'anya, nikatoka nje, nikalitupa chooni. Ulisikia lilivyoanguka. Hukusema neno. Asubuhi ulikuwa bandarini na magongo yako, na mfuko mmoja, ukingoja boti ya Bukavu.

Sikukuambia sababu. Nakuambia sasa, na kila anayesoma ajue.

Siku moja baada ya yale maji Mama aliniuliza akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, bila hata kuinua kichwa: "Mbona uliosha sikio la kushoto? Si ndilo lile lililokuwa likimtoka usaha akiwa darasa la pili?" Nilishika ukuta. Nilikumbuka mara moja ile pamba, ile harufu, namna ulivyokuwa unalala upande mmoja. Sikio la namna hiyo huenda likabaki na ngoma iliyotoboka. Maji yakipita kwenye tundu lile yanaingia ndani, yanaleta ugonjwa, yanaweza kukumaliza kusikia, na kizunguzungu chake si cha kuchezewa na mtu aliye peke yake gizani. Swali la kwanza kabisa ambalo hata mwanafunzi huuliza ni hilo: umewahi kuugua sikio? Sikuliuliza. Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye nililala naye kitanda kimoja na sikio lile likivuja kwenye mto wetu, sikuliuliza.

Basi nikaona heri unichukie kwa uchoyo kuliko ujue kwamba dada yako ni muuguzi asiyeuliza. Hiyo ndiyo hapana yangu. Na hata sasa, nikijiweka mahali pangu pale sakafuni usiku ule, ningelitupa lile bomba tena. Ungekuwa kiziwi leo, ungesema nani amekufanya kiziwi? Wangeniuliza mimi. Jambo lile linafanywa na watu wenye chombo cha kuangalia ndani ya sikio, maji yaliyopimwa joto, na mtu wa kukushika. Na waliofanyiwa bado ni wachache. Hakuna hospitali niijuayo hapa inayolitoa kama tiba. Nilikufungulia dirisha ambalo sikuwa na uwezo wa kulishikilia. Kwa hilo nina kosa. Kwa kulifunga sina.

Wewe nawe una yako. Ile tembe ndogo ya usiku ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, amitriptilini, uliiacha siku ya nne kwa sababu inakausha kinywa, ukahamia kwenye kanyanga, pombe kali ile, ambayo haikaushi kitu ila mfuko. Na nimesikia kwamba huko ulimwendea mtu akakuchanja kigutu kwa wembe akapaka majivu. Yaya! Ngozi ile ndiyo itakayovaa mguu wa bandia. Hapa kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja wanatengeneza, na nimeambiwa huko kwenu Bukavu kituo cha Heri Kwetu nao wanasaidia. Kigutu chenye makovu ya wembe watakivalisha nini? Nenda kwanza kwa daktari wa masikio, atazame la kushoto kwa taa ya kweli. Sema kweli yote, pamoja na jina langu ukitaka.

Kioo kipo njiani. Nimekinunua soko la Virunga, kirefu, bila fremu ya chuma, nimekifunga kwa kitenge cha Mama cha kijani na kumpa kijana wa boti ya usiku. Ana namba yako. Ni njia ya kutuliza mguu wa mzuka iliyobuniwa na Ramachandran, daktari mzaliwa wa India aliyefanya kazi San Diego, Marekani, na mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya kuijaribu kwa askari wa Marekani waliokatwa mguu. Sita waliotumia kioo kwa wiki nne, dakika 15 kila siku, wote sita maumivu yao yalipungua. Hakimwagi maji popote.

Kaa kitako, kiweke katikati ya mapaja, upande unaong'aa uelekee mguu wa kulia, kigutu kibaki nyuma yake. Vua soksi. Tazama ndani ya kioo kana kwamba unayemwona ni mguu wa kushoto, usitazame mguu wenyewe. Kisha kunjua vidole vya kulia polepole, na vile vingine uviambie vifuate. Anza na kidole kidogo, kile kilichochelewa.